Sura ya Saba: Chai ya Waliozama

Emérance aliweka vitu viwili juu ya meza ya Inspekta Urbain Kapya, kopo la bati na barua, akabaki amesimama. Kiti cha wageni kilikuwapo, lakini alikikataa kwa kichwa. Alikuwa amerudisha ufunguo wa nyumba aliyopanga na kufunga mizigo yake yote kwa kamba, na mtu wa namna hiyo hana raha ya kukaa popote.

"Papa Inspecteur, train ya Kasaï inapita leo saa tisa," alisema. "Ni ya kwanza tangu miezi mbili. Minye na batoto yangu babili tunapanda. Minaenda kutafuta papa yangu ku Kananga. Lakini mbele nipande, uniambie kintu moya tu. Papa yangu eko muzima, ao alikufwa?"

Ala! Swali gani hilo la kumtupia mtu saa mbili asubuhi, hata chai hajanywa? Kapya alivuta karatasi. Ilikuwa Agosti 1995, na katika ofisi ya upelelezi ya Likasi karatasi safi zilikwisha zamani. Waliandika nyuma ya fomu za miaka iliyopita, na madirisha mawili kati ya matatu yalizibwa kwa kadibodi. Lakini Kapya alikuwa na penseli, na alikuwa na ubishi. Ukimwambia jambo fulani haliwezi kujulikana, umemchokoza.

"Anza ku mwanzo, mama. Polepole."

Akaanza. Baba yake, Étienne Mbuyamba, mtu wa Kasaï, alikuwa fundi mitambo wa meli za mto Lualaba, na alipozeeka akawa katibu wa Foyer des Matelots, ile nyumba ya mabaharia nyuma ya stesheni ambayo Likasi nzima huiita Kwa Matelo. Machi 1993, siku zile watu wa Kasaï walipofukuzwa Katanga, nyumba zao zikavunjwa na wao wakalala kwenye reli wakingoja treni, Étienne alitoweka. Emérance mwenyewe aliponea kwa mumewe, marehemu sasa, aliyekuwa mtu wa Bukama, wa Katanga hii hii. Mlinzi wa Kwa Matelo, mzee Bertin, alimwambia: "Papa yako alipanda train. Nalimuona na macho yangu." Desemba ya mwaka ule ikaja barua kutoka Kananga, imeletwa na abiria asiyejulikana. Niko mzima, msilie.

"Jana nalienda Kwa Matelo kulaga, kubaambia kwaheri," Emérance aliendelea. "Nikaomba kopo ya papa, nimupelekee. Papa Bertin akakatala. Nikangojea atoke, nikapanda ku kiti, nikaikamata. Njo nikaona hii."

Aligeuza kopo. Kwenye kitako palikuwa na tundu, si la duara, la pembe nne.

Kapya alizaliwa Kikula, mtaa wa hapo hapo Likasi, hakuhitaji kuambiwa. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu jambo ambalo halijasemwa haliandikwi.

"Kopo ya kutoboka ni ya nani?"

"Ni ya mufu." Alilirudisha kopo mezani. "Kopo inasema alikufwa, barua inasema eko muzima. Nikienda na eko mufu, ni nani atatupokea, minye na batoto, ku inchi yenye siyue? Nikibakia na eko muzima, atasema mutoto wake alimusahau. Miaka mbili na nusu, Inspecteur! Sikumulilia, sikumukalia kilio. Kila siku minalala na mulango haina kufunga, ju labda atarudia."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kapya alimwonea uchungu mkubwa, na uchungu ulimfanya atoe ahadi ambayo mpelelezi mwenye akili haitoi.

"Peleka batoto na mizigo pa gare. Mbele ya saa tisa ukuye Kwa Matelo. Nitakuambia."

Alikuwa ameshatoka mlangoni Kapya alipoanza kujilaumu.

*

Mgeni akionyeshwa Kwa Matelo hucheka kwanza. Likasi ni mji wa shaba, wa moshi wa kiwanda cha Shituru na vumbi jekundu, na meli ya karibu kuliko zote iko Bukama, siku nzima kwa treni, siku ambazo treni inataka. Nyumba ya mabaharia, mahali pasipo na bandari? Ndiyo, bwana, na nanga imechorwa juu ya mlango, na chini yake mbuzi wa jirani wamelala.

Mlinzi Bertin hakuwapo. Alikwenda stesheni, Kapya aliambiwa alipofika, kuulizia treni. Aliyekuwapo ni Mama Georgette, mpishi wa nyumba tangu ujana wake, amekaa ukumbini na ungo wa maharage mapajani. Kapya alimwamkia kwa adabu, akakaa kwenye benchi, akamwomba amhadithie nyumba hiyo ilivyoanza.

"Ni Mademoiselle Laure njo aliianzaka, mwaka ya 37," alisema bila kuacha kuchambua. "Alikuwa infirmière wa ku hospitali, Mubeleji. Alikuwa anaona matelo bagonjwa banaletwa na train kutoka Bukama, banalala pa gare sawa mifuko ya bunga. Na kiangazi kikikuya, mayi ya Lualaba inapunguka, bateau zinakwama mu muchanga, matelo habana kazi, habana fasi ya kulala. Alibapatia bitanda, supu, na muntu wa kubaandikia barua. Mbele ni yeye mwenyewe aliandika, nyuma Papa Bertin. Barua zote zilianza na habari ya mayi: iko mingi, ao iko kiloko. Ju bibi ku kijiji ajue bwana yake atarudi lini."

"Na makopo?"

Mikono ya Mama Georgette ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Mademoiselle alikuwa na ndugu, kapitene. Bateau yake ilizama karibu na ziwa Kisale, mwili haukuonekana. Alikamata kopo yake, akaiosha, akaitoboa na musumari yenye ilitoka mu ile bateau. Ju asirudie kuomba chai. Kutoka pale ikakuwa sheria ya nyumba. Matelo akienda safari anakunywa chai, anaachia majani kiloko chini, kopo inatundikwa bila kuosha. Nyumba inamuita arudie. Akizama, na habari ikifika, mulinzi anaosha kopo, anaitoboa. Basi, amelala."

"Na habari isipofika?"

"Anakuya mwenyewe, Inspecteur. Anagonga na kopo yake, ko, ko, ko. Unapika chai, unaimwanga pa mulango, na haupashwe kusema naye. Ukisema, anakufuata."

"Weye uliisha kumusikia?"

"Nyumba ya bafu, ya benye kufwa, inasikilikaka," alisema mama yule, kana kwamba anazungumzia bati linalovuja. "Mara ya mwisho ilikuwa ile wakati ya fujo. Mu depo. Ni pale tunachunga mifuko ya benye kuzama, yenye hakuna ndugu wa kuikamata."

Kapya aliandika maneno hayo yote, kwa mazoea tu, na chini yake akapiga mstari bila sababu anayoijua. Halafu akasimama kwenda ukutani.

Makopo yalikuwa sitini na mawili, kila moja kwenye msumari wake, meupe yenye ukingo wa buluu. Pengo moja lilibaki wazi, la kopo alilokuwa nalo mkononi. Yaliyotobolewa yalikuwa kumi na tisa. Kapya alishusha moja moja, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango, akalirudisha. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa nzima, na Mama Georgette alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayekagua sufuria za watu.

Matundu yote yalikuwa ya pembe nne, yamepigwa kutoka ndani kwenda nje, na kila kopo lililotobolewa lilikuwa limeoshwa likang'aa. Kopo la Étienne lilikuwa na tundu lile lile, mkono ule ule. Lakini ndani halikuoshwa. Majani ya chai yalikuwa yamekauka na kugandia kando ya tundu. Ukingo wa juu ulikuwa umebanduka upande mmoja, mahali pengi padogo padogo, na ndani ya mabanduko hayo palikuwa na rangi ya kijani. Na kitu kimoja zaidi. Kapya alichokonoa tundu kwa ncha ya penseli, ukatoka unga mweupe.

"Mama Georgette, ukuta hii balipakala chokaa lini?"

"Mbele ya Assomption, mwaka ya 93. Mapadri njo balituletea."

"Mulitosha makopo ku ukuta?"

"Nani atatosha makopo yote ile? Tulipakala tu, ikamwangika yote juu yao. Nyuma njo nalipanguza."

Akapangusa pote, isipokuwa ndani ya tundu, ambako kitambaa hakifiki. Basi tundu lilikuwapo kabla ya chokaa, na chokaa ilipakwa kabla ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti 1993. Kapya alifungua barua, akatazama juu kabisa: Kananga, tarehe kumi Desemba 1993. Miezi minne baada ya kutobolewa kopo lake, Étienne anaandika kwamba ni mzima.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imetembea miaka miwili na nusu, na mwisho wake sasa ulikuwa mama na watoto wawili wanaongoja treni.

*

Kama Étienne alikufa, basi mwili uko mahali. Kapya alizunguka nyumba akitazama chini, na katikati ya ukumbi, nyuma ya viti vya plastiki, alikikuta alichokuwa anakitafuta. Sakafu yote ilikuwa ya zamani, imepasuka, ila kiraka kimoja cha simenti mpya, kipana kama mlango.

"Ile ni ya nani?"

"Ni ya Pasta," Mama Georgette alijibu kwa mdomo uliobinywa. Alikuwa Mkatoliki wa rozari.

Pasta Eddy Mukalay alikodi ukumbi kwa maombi ya kila siku, naye alitokea upesi, shati jeupe, viatu vinang'aa, tabasamu tayari. Tabasamu lilikauka alipoona Kapya amesimama juu ya kiraka.

"Ni mubovu tu, Inspecteur. Sakafu ilikuwa mubovu, tukaitengeneza."

"Lini?"

"Ah... zamani kiloko."

"Tuvunje."

"Hapana! Ile ni fasi ya Bwana!" Jasho lilimtoka Pasta usoni, na huo ni mwezi wa Agosti ambapo Likasi watu huvaa sweta.

Kapya aliazima sululu kwa jirani akavunja mwenyewe. Simenti ilikuwa nyembamba. Chini yake udongo, chini ya udongo mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko chupa ya mafuta ya kula, kilo ya chumvi, na karatasi iliyoandikwa majina ya mashetani ishirini na sita kwa mwandiko mzuri wa shule.

Wakatazamana. Mama Georgette, kule mlangoni, alijifunika mdomo kwa kitenge na mabega yakamtikisika.

"Ni mafuta ya maombi," Pasta alisema kwa sauti ndogo. "Bakristo balikuwa banaogopa. Kila mutu hapa pembeni ya gare anasema nyumba iko na kugonga. Tulitaka kuweka mafuta pale pale kunatokeaka sauti, mu depo. Lakini Papa Bertin alikatala. Hakuna mutu anaingia mu depo. Yeye njo analalaka mule."

Kapya alikuwa anapangusa sululu. Aliacha.

"Analala mu depo? Kuna vyumba vine vya bitanda, vyote viko bule, hakuna mwenye kulala."

"Njo vile. Analala chini, ku sakafu. Na kila asubui anamwanga chai mule. Minye nalimuona. Ni buchawi, Inspecteur, nini ingine?"

Mpumbavu naye huona, ila hajui alichokiona. Kapya alimshukuru Pasta kwa dhati, jambo lililomshangaza Pasta zaidi kuliko sululu.

*

Bertin alirudi saa saba na nusu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kofia ya ubaharia imefifia mpaka haina rangi, na shingoni, kwenye kamba ya ngozi, msumari mmoja wa shaba wenye pembe nne.

"Train iko nakuya," alisema kwa huzuni kabla hajaulizwa. "Pa gare banasema iko karibu. Nalifikiri itaharibika njiani." Halafu akaliona kopo mkononi mwa Kapya, akakaa kwenye benchi taratibu, akivua kofia.

"Papa Bertin, kuna musumari ingine sawa ile yako?"

"Hakuna. Ilitoka mu bateau ya ndugu wa Mademoiselle."

"Uliisha kumuazimisha mutu?"

"Hapana. Hata kuoga naoga nayo."

"Basi ni weye njo ulitoboa hii."

Mzee alilamba midomo. "Nalikosea. Nalitaka kutoboa ya mwengine."

"Miaka ngapi unatoboa?"

"Makumi tatu na tano."

"Na uliisha kukosea mara ngapi?"

"Hata moya!" alisema Bertin, kifua mbele, fahari ya kazi ikamtangulia akili. Aliposikia alichokisema, mabega yake yalishuka.

Kapya hakumcheka. Alifungua barua akasoma mstari wa kwanza: "'Mayi iko mingi, bateau inatembea muzuri.' Papa, ku Kananga ni bateau gani inatembea?"

Bertin alizungusha kofia mikononi.

"Muntu wa Kananga hawezi kuanza barua vile. Muntu wa hii nyumba njo anaweza."

"Mukono ilizoea," Bertin alinong'ona.

"Ju ya nini uliandika?"

"Alikuwa anakuya kila siku, Inspecteur, mwana Emérance. Anakaa pale pa ngazi, analia. Nalimuandikia ju anyamaze kulia. Sikujua atafunga mizigo." Alifunika uso kwa kofia. "Nalienda pa gare kuomba train isifike. Unaona buzee yangu? Kuomba train iharibike na bantu ndani."

"Nionyeshe depo."

Mlango wa depo ulikuwa mwisho wa ujia, mbao nene, rangi ya kijani. Kapya aliufungua akaingia, akaugeuza kuutazama upande wa ndani. Hapakuwa na haja ya taa. Kuanzia usawa wa kiuno kushuka mpaka chini kabisa, rangi ilikuwa imejaa alama ndogo zilizopinda, mamia yake, juu zikiwa nzito na chini zikiwa hafifu. Alichukua kopo, akaweka ukingo wake kwenye alama moja. Ukaingia sawasawa.

Alikuwa ameona maiti wengi katika kazi yake, lakini mlango ule ulimtisha kuliko maiti.

Ndani mlikuwa na mifuko ya wafu imepangwa ukutani, mkeka, blanketi moja. Sakafu ya matofali, na chini ya mkeka matofali yalikuwa yamepangwa upya, kwa uangalifu mkubwa, urefu wa mtu.

"Funga mulango, Inspecteur," Bertin alisema. "Nakuomba. Mama Georgette asisikie."

Kapya alirudisha mlango, akabakiza ufa wa mwanga. Mzee akapiga magoti kando ya mkeka, akasema yote bila kuulizwa tena.

"Balikuwa banamutafuta, ile bajeune, bijana ba fujo, nyumba kwa nyumba. Nalimuingiza humu, nikafunga, nikakamata ufunguo. Nikamuachia mayi ya siku mbili na mukate, na kopo yake. Nikamuambia, Étienne, usiseme hata neno, bakisikia namna unasema batakuua. Ukikosa kintu, ugonge na kopo. Nikapanda train ya Bukama kumuambia kapitene mwenye najua, amupitishe na mayi usiku. Siku moya kwenda, siku moya kurudi, nalifikiri. Train ikakosa mazout, mafuta yake, njiani. Siku tano, Inspecteur. Nalitembea na miguu yenye unaona. Kufika... Alikuwa na kifua, na hii chumba haina dirisha." Alishika tofali kwa kiganja. "Alikuwa pale pa mulango, uso chini. Kopo mu mukono."

Kapya aliandika. Penseli ilikuwa imefika kwenye yale majani ya chai, na hapo ikasimama, kwa sababu mstari alioupiga asubuhi bila kujua sababu ulikuwa unamtazama kutoka juu ya ukurasa. Mara ya mwisho ilikuwa ile wakati ya fujo. Mu depo.

Hapakuwa na chai katika vitu alivyoachiwa Étienne.

"Papa Bertin," alisema polepole, "weye haukudanganya ju ya kujilinda mwenyewe tu."

Mzee alimshika mkono kwa nguvu zake zote. "Chai ilikuwa imekauka inje ya mulango, na birika ya Mama Georgette pembeni. Alimusikia, Inspecteur. Aliogopa bafu, akafanya sawa sheria ya nyumba inasema. Miaka makumi ine anapikia bantu humu. Akijua, atakufwa ku roho. Nami nalikatala kumuoshea Étienne kopo yake, ju... Unifunge minye. Andika yote. Lakini ile ya chai, usiandike."

*

Emérance alifika saa nane na nusu, vumbi mpaka magotini, amewaacha watoto stesheni kwa mke wa mbeba mizigo. Alimkuta Kapya kwenye ujia na mlango wa depo uko wazi nyuma yake.

"Uliniahidi," alisema.

"Alikufwa, mama," Kapya alijibu. Katika miaka yote ya kazi hakuwa amepata namna ya kulisema neno hilo kwa utamu, akaacha kuitafuta. "Tangu Machi ya 93. Eko hapa. Papa Bertin alimuficha ju asiuawe, na train ikamuchelewesha. Siku ya lundi bantu ba parquet, ba mashitaka, batakuya kumutosha mu udongo, utamuzika na jina yake."

Emérance aliingia, akatazama mkeka, akatazama matofali. Bertin alikuwa bado amepiga magoti. Alimwambia mambo yote kwa mdomo wake mwenyewe, meli, kapiteni, siku tano, barua, akiomba msamaha kila baada ya sentensi, na Emérance alisikiliza bila kulia, mkono shingoni. Kwa mbali treni ilipiga honi.

"Nataka kujua kintu moya," Emérance alisema mzee alipomaliza. "Alikufwa mbio, ao aligonga?"

Kapya alitazama penseli yake. Jibu lilikuwa mlangoni, mgongoni mwa yule mwanamke, alama kwa mamia.

"Mbio, mwana yangu," alisema Bertin. "Alilala tu."

"Hapana."

Mama Georgette alikuwa amesimama kwenye ujia, ungo wa maharage mikononi. Hakuna aliyejua alifika lini. Macho yake yalikuwa kwenye upande wa ndani wa mlango, ambao kwa miaka miwili na nusu hakuuona, maana Bertin hakumruhusu.

"Aligonga," alisema. "Siku mbili. Minye nalimusikia, mwana. Nalifikiri ni bale ba mu mayi. Inje bantu banapiga kelele, banavunja nyumba, na humu bafu banagonga. Nikapika chai, nikamwanga hapa chini, nikakimbia ku rozari yangu. Akagonga tena, nikamwanga tena. Sikusema naye. Hata neno moya!" Ungo uliinama, maharage yakadondoka sakafuni. "Angalisema 'Georgette' tu..."

"Nalimukataza," Bertin alilia. "Ni minye njo nalimukataza kusema!"

Treni iliingia stesheni. Walisikia breki, halafu makelele ya watu mia kadhaa wakigombea milango. Emérance hakugeuza kichwa. Alichukua kopo mkononi mwa Kapya, akalitazama ndani kwa muda mrefu.

"Papa Bertin. Kopo ya mufu munaosha, mbele ya kuitoboa. Hii ya papa yangu, ju ya nini haukuosha?"

Mzee aliinua uso.

"Ju ilikuwa na chai, mwana. Sakafu inashuka ku ndani, unaona? Chai ilipita chini ya mulango. Alilaza kopo pale, ikajaa." Akagusa kidevu chake. "Alikunywa. Majani yalikuwa mpaka ku ndevu yake. Sikuweza kuosha."

Emérance alipiga goti kwenye kizingiti, akapitisha kidole mahali ambapo saruji imelika na kuacha mfereji mwembamba kwenda ndani. Alikaa hivyo, kidole kwenye mfereji, mpaka treni ya Kasaï ilipopiga honi ya pili na kuanza kuvuta. Ndipo kilio kilipomtoka, kikubwa, cha mtu aliyekizuia tangu Machi ya mwaka ule, na ukuta wa makopo ukatoa mlio mdogo, kwa treni au kwa sauti yake, Kapya hakuandika ni kipi.

Alipoweza kusimama, alikwenda kwa Mama Georgette. Mama yule alifumba macho kama anayengoja kofi. Emérance alimtoa ungo mikononi, akauweka chini.

"Mama," alisema, "weka mayi ya chai ku moto. Papa amefika, na hatuyamupokea bado."